Seli za CD4 hutoka wapi, na nini huamua ziishi au zife?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya CTC, ya matunzo na tiba ya wenye VVU, mkoani Tanga, na kila siku nasoma majibu ya CD4 ya wagonjwa. Juzi mama mmoja aliniuliza kwa nini CD4 za mwanawe zimepanda haraka kuliko zake, ilhali walianza ARV pamoja. Nilimjibu kwamba mtoto ana tezi ya thaimasi inayofanya kazi vizuri. Nilipokwenda kusoma zaidi nikakwama. Kitabu kinasema seli T "hufundishwa" kwenye thaimasi kumtambua adui na kuuacha mwili, na kwamba kipokezi kilekile huipa seli ishara ya kuishi na ishara ya kufa. Inawezekanaje ishara moja ilete majibu mawili? Na nini huamua seli iwe CD4 badala ya CD8?

Jibu

Marahaba, dada. Ulichomjibu yule mama ni sahihi, na nitakirudia tukifika kwenye VVU. Ila hilo la ishara moja yenye majibu mawili ndiyo kiini cha somo zima la seli T, zile chembe nyeupe za damu ambazo ndani yake mna CD4, zinazoongoza ulinzi wa mwili, na CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa. Kwa hiyo nitalieleza polepole.

Nikuombe kwanza uliweke kando neno "hufundishwa". Vitabu hupenda kuifananisha thaimasi na shule, na wanafunzi wengi hukwama hapohapo ulipokwama wewe. Mle ndani hakuna seli inayojifunza kitu. Kila seli hujiundia kipokezi, protini ya kwenye utando wake inayoshika vitu vya nje, kwa bahati nasibu, bila kujua kitashika nini, kisha hupimwa. Kipokezi kikifaa, seli huachwa iishi, kisipofaa, hufa. Na kinachopimwa ni ishara inayopita ndani ya seli: ina nguvu kiasi gani, na imedumu kwa muda gani. Ukishalishika hilo la nguvu na muda, mengine hayatakusumbua.

Thaimasi ni tezi laini iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Hadi mwaka 1961 madaktari wengi waliiona kuwa mabaki yasiyo na kazi. Mwaka huo Jacques Miller, aliyekuwa akichunguza saratani ya damu ya panya katika taasisi ya Chester Beatty mjini London, aliwatoa panya thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa. Panya wale wakadhoofu, limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, zikapungua mno, wengi wakafa kwa maambukizi, na waliobandikwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine hawakuikataa. Tangu hapo ikajulikana kwamba kuna kundi la limfosaiti lisiloweza kupatikana bila tezi hii, nalo ndilo tunaloliita seli T.

Sasa tuifuate seli moja tangu inapoingia.

Inatoka kwenye uboho wa mifupa, inasafiri na damu, na ikifika kwenye thaimasi bado si seli T. Inaweza kuwa seli nyingine ya kinga: seli B, seli NK, hata makrofaji, seli inayomeza mabaki na vijidudu. Kinachoifungia njia hizo nyingine ni ishara ya kwanza kubwa, ile ya Notch. Jeni hii ilianza kujulikana kwa nzi wa matunda wenye mabawa yaliyomeguka pembeni, waliochunguzwa na kundi la Thomas Hunt Morgan mjini New York katika miaka ya 1910, na tangu hapo imeonekana karibu kwa kila mnyama.

Namna Notch inavyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu haifanani na ishara nyingi ulizosoma kwenye fiziolojia. Homoni huogelea kwenye damu hadi ikutane na kipokezi chake. Notch hudai mguso. Seli ya epithelia ya thaimasi, yaani ile inayoijenga tezi yenyewe, ina protini iitwayo DLL4 kwenye utando wake, na seli changa ina Notch1 kwenye utando wake. Zikigusana, DLL4 huing'ang'ania Notch, kisha seli ya epithelia huanza kuivuta DLL4 irudi ndani. Mvuto huo ndio unaoikunjua sehemu ya Notch iliyokuwa imejificha, na hapo kimeng'enya kiitwacho ADAM10 hupata pa kukata. Baada ya mkato huo wa nje, kimeng'enya cha pili, gama-sekretesi, hukata ndani ya utando wenyewe. Kipande cha Notch kilichobaki upande wa ndani kinakuwa huru, kinaingia kwenye kiini cha seli, kinaungana na protini ya RBPJ na kuwasha jeni. Hakuna mlolongo wa wapokezanaji hapa: kipokezi chenyewe ndicho kinachopeleka ujumbe, na kikishakatwa hakitumiki tena. Kati ya jeni zinazowashwa mapema ni ile ya TCF-1; GATA3 nayo huingia kazini, na baadaye BCL11B, ambayo ndiyo hasa huifungia seli milango ya kuwa kitu kingine.

Ushahidi wake hauna utata. Kuanzia 1999 majaribio ya panya walionyimwa Notch1 kwenye seli za damu yalionyesha kwamba seli T hazitokei, na badala yake seli B zinaanza kukua ndani ya thaimasi, mahali ambapo si pake. Mwaka 2002, mjini Toronto, maabara ya Juan Carlos Zúñiga-Pflücker ilifanya kinyume: ilichukua seli za kulelea za uboho, ikazipachika DLL1, ndugu wa DLL4, na seli changa za damu zilizooteshwa juu yake zikaanza safari ya kuwa seli T kwenye sahani ya maabara, bila thaimasi kabisa. Na ishara hiyohiyo ikikataa kuzimika ni hatari. Mwaka 2004 ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa saratani ya damu ya seli T changa, ile ya ghafla inayowapata zaidi watoto na vijana, wana mabadiliko kwenye jeni ya NOTCH1 yanayoifanya iwake bila kuvutwa na yeyote.

Notch huipa seli mwelekeo, lakini haitoshi kuifanya iishi. Kuishi katika hatua hizi za mwanzo kunategemea saitokini, protini ya kupashana habari kati ya seli, iitwayo IL-7, inayotolewa na seli za epithelia zilezile. Kipokezi cha IL-7 kina sehemu mbili, na mojawapo, mnyororo wa gama, hutumiwa pia na saitokini nyingine kadhaa. IL-7 ikishika, vimeng'enya JAK1 na JAK3 vilivyo chini ya kipokezi hubandika fosfeti, alama ndogo ya kemikali inayowasha protini, protini ya STAT5 huingia kwenye kiini, na seli hutengeneza Bcl-2, protini inayoizuia isijiue. Njia ni fupi, na ikikatika mahali popote seli T hazipo. Mnyororo wa gama uko kwenye kromosomu X, ndiyo maana ukosefu wake huwapata wavulana. David Vetter wa Texas, aliyezaliwa 1971 na kuishi karibu maisha yake yote ndani ya chumba cha plastiki kisichoingiza vijidudu, alikuwa na ugonjwa huo. Alifariki Februari 1984 akiwa na miaka 12, miezi michache baada ya kupandikizwa uboho wa dada yake. Uboho huo ulikuwa na kirusi cha Epstein-Barr, naye hakuwa na seli T za kukizuia. Jeni yenyewe ilikuja kutambuliwa 1993. Nakutajia ugonjwa huu kwa sababu nitakuwa na ombi juu yake mwishoni.

Baada ya hapo seli huanza kazi ya hatari, kuikata DNA yake yenyewe. Vimeng'enya RAG1 na RAG2 huchagua vipande vya jeni na kuviunganisha upya ili kuunda mnyororo wa beta, nusu ya kwanza ya kipokezi. Kwenye maungio herufi za DNA huongezwa na kupunguzwa ovyo. Kwa kuwa DNA husomwa herufi tatu-tatu, kila jaribio lina nafasi takriban moja kati ya tatu ya kutoa mnyororo unaosomeka. Seli ina jeni hiyo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama, hivyo majaribio ni machache. Itajuaje kama imefaulu? Mnyororo wa beta uliotoka sawa huungana na mnyororo wa muda na kukaa kwenye utando, na kukaa huko peke yake hutoa ishara, bila kuhitaji kushika chochote nje. Seli iliyoipata hujigawa mara nyingi na kuacha kuikata jeni ile ya beta. Isiyoipata hufa. Kisha huja zamu ya mnyororo wa alfa, na sasa seli ina kipokezi kamili, tena kwenye utando wake ina protini za CD4 na CD8, zile zinazozipa seli hizo majina, zote mbili kwa pamoja. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana kliniki tumezoea kuzitenganisha.

Hapa ndipo swali lako linapoanza.

Seli hii inazungukazunguka katika eneo la nje la thaimasi ikigusana na seli za epithelia. Seli za epithelia zina protini za HLA, na kila HLA imeshika kipande kifupi cha protini ya mwili wenyewe. Thaimasi haingoji vijidudu vya malaria wala bakteria wa kifua kikuu ili izipime seli. Inazipima kwa vipande vya mwili. Matokeo ni matatu. Kipokezi kisichoweza kushika HLA kabisa hakipati ishara yoyote, na seli hufa yenyewe baada ya siku tatu au nne. Kipokezi kinachoshika kidogo kinaipa seli ruhusa ya kuishi. Kipokezi kinachoshika kwa nguvu sana kinaiua seli, kwa sababu seli ya namna hiyo ikitoka nje itaushambulia mwili. Kwa panya, kila siku huzaliwa takriban seli milioni 50 ndani ya thaimasi, na zinazotoka nje ni milioni moja au mbili tu.

Sasa ingia ndani ya seli uone kinachotokea katika sekunde chache za kugusana. Kipokezi cha seli T hakina mkia wa maana upande wa ndani. Kinategemea protini za CD3 zilizo pembeni yake, ambazo kwa pamoja zina sehemu kumi za kubandikia fosfeti. CD4 au CD8 inaposhika HLA ileile, inakuja na kimeng'enya Lck kilichoning'inia chini yake, na Lck ndicho kinachoanza kubandika fosfeti kwenye sehemu zile. Zikibandikwa, kimeng'enya cha pili, ZAP-70, hupata pa kutua, nacho hubandika fosfeti kwenye protini ya LAT iliyo kwenye utando. LAT ikishajaa fosfeti huwa mahali pa kukutania protini nyingine nyingi, na kutoka hapo ishara hugawanyika. Tawi moja hufungua kalsiamu ndani ya seli, na kalsiamu huamsha kalsinyurini, kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na saiklosporini na takrolimasi wanazopewa watu waliopandikizwa figo. Tawi jingine hupitia protini ya Ras na kuishia kwa ERK, kimeng'enya kinachoingia kwenye kiini na kubadilisha jeni zinazosomwa.

Hatua ni nyingi, na kila hatua inahitaji muda. Wakati huohuo kuna vimeng'enya vingine ambavyo kazi yao ni kuzibandua fosfeti. Kipokezi kikiachia HLA mapema, kazi yote iliyofanyika hufutwa na inabidi ianze upya. Kwa hiyo tofauti ndogo katika muda wa kushikana, sehemu za sekunde hadi sekunde kadhaa, inakuwa tofauti kubwa mwishoni mwa mlolongo. Mshiko mfupi huzifikisha hatua za mwanzo tu, au huzifikisha zote lakini kwa uchache. Mshiko mrefu huujaza mlolongo mzima.

Na ERK ndipo jibu lako lilipo kwa uwazi zaidi. Mwaka 2006 kundi la Ed Palmer mjini Basel, Uswisi, lililinganisha vipande vilivyotofautiana kidogo sana kwa nguvu ya kushika. Vile dhaifu viliiamsha ERK polepole, kwa kiwango cha chini, lakini kwa muda mrefu, na Ras iliyoamka ilionekana ndani ya seli, kwenye eneo la Golgi. Vile vyenye nguvu viliiamsha ERK kwa mlipuko wa haraka, na Ras ilionekana kwenye utando wa nje. Mpaka kati ya makundi hayo mawili ulikuwa mwembamba mno. Kwa hiyo, dada, ishara si moja kwa maana uliyoielewa. Protini ni zilezile, mlolongo ni uleule, ila umbo la ishara katika muda na mahali pake ndani ya seli ni tofauti, na jeni husoma umbo hilo. ERK ya chini na ya muda mrefu huleta kuishi. Mlipuko, ukiandamana na kalsiamu nyingi, huongeza protini za Nur77 na Bim, na Bim huzifunga protini za jamii ya Bcl-2 zilizokuwa zikiilinda seli. Seli hujiua, makrofaji humeza mabaki, na hakuna uvimbe wala homa.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami naliona la lazima. Ikiwa seli inayoachwa hai ni ile inayoushika mwili kidogo, kwa nini isiushambulie mwili huo kidogokidogo ikishatoka? Kwa sababu seli ikiwa ndani ya thaimasi husikia zaidi kuliko itakavyosikia baadaye. Kipande kifupi cha RNA kiitwacho miR-181a ni kingi katika hatua hii, na kazi yake ni kuvipunguza vile vimeng'enya vinavyobandua fosfeti. Seli ikikomaa, miR-181a hushuka, vimeng'enya hivyo hurudi, na mguso uleule wa mwili uliotosha kuiruhusu iishi hautoshi tena kuifanya ipigane. Seli hupimwa ikiwa na masikio makali na kutumwa kazini yakiwa yamepunguzwa. Pengo hilo ndilo usalama wetu.

Zinazoangukia karibu na mpaka, upande wa nguvu, si zote zinazokufa. Baadhi huwasha jeni ya FOXP3 na kuwa seli T za kudhibiti, zinazotuliza seli nyingine. Shimon Sakaguchi alizielezea 1995, na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaipata jeni yenyewe 2001 kwa panya wagonjwa na kwa watoto wenye ugonjwa wa IPEX, ambao huanza mapema kwa kuharisha kusikokoma, kisukari na ngozi iliyowaka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Swali lako la pili, CD4 au CD8. Watu walidhani zamani kwamba kushika HLA ya daraja la pili hutoa agizo la CD4, na HLA ya daraja la kwanza hutoa agizo la CD8, kila moja na ishara yake. Maelezo ninayoyakubali ni ya Alfred Singer wa taasisi za afya za Marekani, na uzuri wake ni kwamba yanarudi kwenye muda uleule. Seli ikipata ishara ya kuishi, kwanza hupunguza CD8, haidhuru imeshika HLA gani. Kama ilikuwa inashikilia HLA ya daraja la pili kwa kutumia CD4, kupungua kwa CD8 hakuigusi: ishara inaendelea, protini ya ThPOK inawashwa, na seli inakuwa CD4. Kama ilikuwa inategemea CD8, ishara inakatika. Katika kukatika huko, IL-7 ile tuliyoiacha nyuma hupata nafasi tena, Runx3 huwashwa, CD4 huzimwa na CD8 hurudishwa. Ishara iliyoendelea hutoa CD4, iliyokatika hutoa CD8. Watoto waliozaliwa bila ZAP-70, waliotambuliwa kuanzia 1994, huonyesha jambo la kushangaza upande huu: damu yao ina CD4 kwa idadi ya kawaida ila hazifanyi kazi, na CD8 karibu hazipo. Ukisoma idadi ya CD4 tu, utasema kinga ni nzima.

Kabla ya kutoka, seli hupita eneo la ndani la thaimasi. Huko protini iitwayo AIRE huzifanya seli za epithelia zitengeneze kwa uchache protini za viungo vingine, kama insulini ya kongosho, ili seli T zenye kuzishika kwa nguvu zife mapema. Jeni yake ilipatikana 1997, na wenye kasoro yake, ambao Finland ni wengi kuliko kwingi, hupata fangasi sugu ya mdomo na tezi zao hushambuliwa moja baada ya nyingine. Aliyefaulu yote hutoka kwa kufuata mafuta fulani yaliyo mengi kwenye damu, yaitwayo S1P.

Turudi kwa yule mama wa kliniki yako ya Tanga. VVU hutumia CD4 kama mlango, na seli changa za thaimasi zina CD4, kwa hiyo kirusi hudhuru kiwanda chenyewe pamoja na bidhaa zilizokwisha kutoka. ARV zikikizima kirusi, CD4 hurudi kwa njia mbili: zilizobaki hujigawa, na thaimasi hutoa mpya. Mtoto ana njia zote mbili kwa wingi. Kwa mtu mzima thaimasi imeshaanza kugeuka mafuta. Kusinyaa kwake huanza mapema maishani na huonekana zaidi baada ya balehe. Lakini haizimi. Seli inapoikata DNA yake ili kuunda kipokezi, kipande kilichokatwa hubaki ndani kama duara dogo liitwalo TREC, na duara hilo haliongezeki seli inapojigawa. Ukihesabu TREC kwenye damu unapata fununu ya seli zilizotoka thaimasi karibuni. Mwaka 1998 Daniel Douek na wenzake walitumia kipimo hicho wakaonyesha kwamba hata watu wazima bado hutoa seli mpya, na kwamba wagonjwa wengi wa VVU waliporudishiwa afya na dawa, TREC zao zilipanda. Mwambie mama yule kwamba zake zinakuja, ila zinategemea zaidi kujigawa kwa zilizobaki, na hilo huchukua muda. Ndiyo sababu pia anayeanza dawa akiwa na CD4 nyingi hupona vizuri zaidi kuliko anayesubiri hadi zishuke chini ya 200.

Tena usizilinganishe namba zao moja kwa moja. Mtoto mdogo mzima ana CD4 nyingi kuliko mtu mzima mzima, ndiyo maana kwa walio chini ya miaka mitano asilimia hutegemewa zaidi ya idadi. Na mchunguze mtoto lishe. Unyafuzi na nyongea huisinyaza thaimasi vibaya sana, na homa kali au mkazo wa muda mrefu hufanya hivyohivyo, kwa sababu kotisoli, homoni ya mkazo, huziua zile seli zenye CD4 na CD8 pamoja kuliko seli nyingine yoyote mle ndani. Mtoto akilishwa akapona, tezi hukua tena. Uji wenye lishe kwa mtoto huyo ni sehemu ya matibabu ya kinga sawasawa na vidonge.

Sasa lile ombi. Watoto wasio na seli T kwa kurithi ni wachache. Uchunguzi wa watoto wachanga Marekani, uliochapishwa 2014 na kutumia TREC hizohizo, ulimpata mmoja katika kila 58,000. Kwetu mtoto huchomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, siku za mwanzo, kabla yeyote hajajua hali ya seli T zake. BCG huokoa watoto wengi na lazima iendelee kutolewa, lakini ndani yake mna bakteria hai, na kwa mtoto asiye na seli T husambaa mwilini. Watoto kama hao hufikia mikononi mwenu wakidhaniwa kuwa na VVU: fangasi ya mdomo isiyoisha, kuharisha, nimonia za kujirudia, uzito usiopanda, kovu la BCG linalotoa usaha na tezi za kwapa zilizovimba. Kisha kipimo cha VVU kinatoka hasi, hata cha DNA, na mtoto anarudishwa nyumbani. Ukimwona wa namna hiyo, chukua ile karatasi ya FBP, hesabu ya chembe zote za damu, ambayo tayari iko kwenye faili, utazame idadi ya limfosaiti. Kwa mtoto wa miezi michache, chini ya 2,500 kwa maikrolita si kawaida, hata kama maabara imeweka alama ya "sawa" kwa kutumia viwango vya watu wazima. Uliza kama mama amewahi kupoteza mtoto mwingine mchanga, hasa wa kiume, au kama kaka za mama huyo waliwahi kufa wachanga. Zuia chanjo nyingine zilizo hai, yaani polio ya matone, rota na surua, hadi daktari wa watoto amwone, na mpigie daktari huyo siku hiyohiyo. Akihitaji damu, iwe imepigwa mionzi kwanza, kwa sababu seli T za mchangiaji zikiingia kwenye mwili usio na za kwake zitaushambulia mwili huo.